Asali, majeraha ya moto na PubMed: namna ya kusaka makala za tiba bila kuziacha zile muhimu

Swali: "Mimi ni muuguzi, nasoma shahada ya uzamili. Nafanya mapitio ya machapisho kuhusu asali kwenye majeraha ya moto kwa watoto, ikilinganishwa na krimu ya silva salfadiazini. Nikiandika swali langu zima kwenye PubMed ("Does honey heal burns in children better than silver sulfadiazine?") napata makala chache mno. Nikiliandika kwenye Google Scholar napata maelfu kwa maelfu. Msimamizi wangu ameniambia nitafute kwenye hifadhidata zisizopungua tatu. Nichague zipi, nitafute vipi, na nitajuaje kwamba nimetafuta vya kutosha?"

Ndugu muuguzi, nianze na agizo la msimamizi wako. Ni agizo zuri, ila limeanzia kwenye hatua ya mwisho. Wingi wa hifadhidata hauokoi msako mbovu. Ukiichukua ile sentensi uliyoiandika PubMed ukaipeleka kwingine mara kumi, utakosa makala zilezile mara kumi. Kazi kubwa iko kwenye maneno. Yatengeneze vizuri kwenye hifadhidata moja, yajaribu mpaka uyaamini, ndipo uyahamishie kwingine. Mimi ni mkutubi wa tiba, na watafiti wengi wanaonijia wamekwisha kupita kwenye hifadhidata tano au sita huku hawajawahi hata mara moja kuangalia mashine ililielewa vipi swali lao.

Hebu tuangalie kwanza kilichomo ndani. PubMed, Embase, CINAHL na nyingine za aina hiyo si ghala za makala, ni ghala za rekodi za makala. Rekodi moja ina kichwa cha makala, majina ya waandishi, jina la jarida, mwaka, ikisiri, na mara nyingi orodha ya istilahi rasmi zinazoeleza makala inahusu nini. Unapotafuta, mashine inalinganisha maneno yako na yaliyomo kwenye rekodi hiyo tu. Makala inaweza kuwa na kurasa nne za matokeo kuhusu asali, lakini kama kichwa hakiitaji, ikisiri haiitaji, na hakuna istilahi rasmi iliyowekwa, wewe hutaiona. Google Scholar hupekua pia matini kamili ya makala, ndiyo maana inakumiminia maelfu, zikiwemo makala za ufugaji wa nyuki ambazo mahali fulani zimegusia kuungua.

Hizo istilahi rasmi ndizo zinazozipa hifadhidata za tiba thamani yake. John Shaw Billings alipoanzisha Index Medicus mwaka 1879, alikuwa akipambana na tatizo hilihili la kwako: makala ni nyingi, na kila mwandishi anaita kitu kwa jina lake. Faharasa ile iliendelea kuchapwa kwenye karatasi hadi mwaka 2004. Mwaka 1960 Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani ilianza kutumia MeSH, orodha ya istilahi ambapo kila dhana ya tiba ina jina moja teule, na majina yamepangwa kwa ngazi, pana juu na finyu chini. MEDLINE, hifadhidata ya kompyuta yenye rekodi zilizobandikwa MeSH, ikaja mwaka 1971. PubMed, inayoibeba MEDLINE pamoja na rekodi nyingine, ikaja mwaka 1996, na mwaka uliofuata ikafunguliwa bure kwa kila mtu duniani. Leo PubMed ina rekodi zaidi ya milioni 36, na nyingi kati yake zimebandikwa MeSH.

Sasa turudi kwenye sentensi yako. Ulipoiandika nzima, PubMed ilitupa maneno madogo yasiyo na uzito, ikayachukua yaliyobaki na kuyaunganisha yote kwa AND. Maana yake ulidai rekodi moja itaje asali, na kuungua, na dawa ile, na watoto, na kupona, na hata neno "better". Makala nzuri sana ambayo ikisiri yake imesema "paediatric patients" na "time to epithelialization" (muda wa ngozi kuota upya) inaweza kuangukia njiani kwa sababu ya neno moja ambalo kwako halikuwa na umuhimu wowote. Unaweza kulithibitisha hili mwenyewe: fungua ukurasa wa "Advanced", nenda kwenye historia ya msako wako, bonyeza "Details". Utaona tafsiri kamili ambayo mashine ilijifanyia. Ningependa kila mwanafunzi aanzie kwenye ukurasa huo.

Mtakuwa mmefundishwa kuligawa swali sehemu nne: mgonjwa, tiba, kinacholinganishwa nayo, matokeo. Mgawanyo huo ni mzuri kwa kufikiri na kwa kuamua makala ipi iingie kwenye mapitio yako. Tatizo linaanza mtu anapochukua sehemu zote nne na kuzimimina kwenye kisanduku cha kutafutia. Matokeo ya matibabu mara nyingi hayatajwi kwenye ikisiri kwa neno ulilolitarajia wewe. Kinacholinganishwa kinaweza kuitwa tu "conventional dressing". Watoto nao wanaweza kuwa nusu ya wagonjwa katika utafiti wa rika zote, na ikisiri isiwataje kabisa. Kwa swali lako mimi ningetafuta dhana mbili tu, asali na majeraha ya moto. Asali ni dhana adimu kwenye maandiko ya tiba, kwa hiyo ukiiunganisha na kuungua utapata idadi ambayo mtu mmoja anaweza kuisoma. Watoto na silva salfadiazini utawatafuta kwa macho yako wakati wa kusoma, na macho yako ni hodari kuliko AND yoyote.

Kwa kila dhana unahitaji maneno ya aina mbili: istilahi rasmi, na maneno ya kawaida ambayo waandishi wenyewe huyatumia kwenye kichwa na ikisiri. Watu huniuliza kwa nini zote mbili. Istilahi rasmi inakuletea makala iliyoandikwa kwa maneno ambayo hukuyawaza. Maneno ya kawaida yanakuletea makala ambazo hazina istilahi rasmi, nazo ni nyingi: PubMed inabeba pia rekodi zisizo za MEDLINE, kama makala zilizoingia kupitia hazina ya matini kamili ya PMC, na hizo hazipewi MeSH. Isitoshe, tangu mwaka 2022 ubandikaji wa MeSH unafanywa na kompyuta, watu wakikagua baadhi tu. Kasi imeongezeka sana, lakini kompyuta nayo husoma vibaya wakati mwingine. Ukitegemea aina moja tu ya maneno, umekubali kupoteza makala bila kujua ni zipi.

Haya, tuandike. OR maana yake "au": rekodi yenye neno lolote kati ya yaliyounganishwa inaingia. Mstari wa kwanza ni wa asali:

"Honey"[mh] OR "Apitherapy"[mh] OR honey[tiab] OR apitherap*[tiab] OR manuka[tiab] OR medihoney[tiab]

Alama ya mh inaiambia PubMed itafute kwenye istilahi rasmi, pamoja na zote zilizo chini yake kwenye ngazi. Alama ya tiab inaiambia itafute kwenye kichwa, ikisiri, na maneno muhimu yaliyowekwa na waandishi. Angalia neno la mwisho. Medihoney ni jina la bidhaa ya asali ya kutibu vidonda, na limeandikwa kama neno moja. PubMed haiwezi kutafuta kipande cha neno kutokea nyuma, kwa hiyo honey peke yake haitaliona. Majina ya biashara ya namna hii huponyoka kila mara, na kuyapata hakuna njia ya mkato zaidi ya kusoma makala chache na kuandika pembeni kila jina unalokutana nalo.

Mstari wa pili:

"Burns"[mh] OR burn[tiab] OR burns[tiab] OR burned[tiab] OR burnt[tiab] OR scald*[tiab] OR "thermal injury"[tiab] OR "thermal injuries"[tiab]

Halafu mstari wa tatu unaunganisha: #1 AND #2.

Utashangaa kwa nini nimeandika burn, burns, burned na burnt moja moja badala ya kukata neno kwa nyota, yaani burn*, ambayo hukubali mwisho wowote wa neno. Jaribu hiyo nyota uone. Itakuletea "burnout", uchovu wa kazini wa madaktari na wauguzi, ambao umeandikiwa makala kwa wingi ajabu. Na ukikata honey* unakaribisha "honeybee" na "honeycomb". Hili la pili ni baya kuliko linavyoonekana, kwa sababu wataalamu wa mapafu hutumia neno hilo kueleza sura ya pafu lililokakamaa kwenye picha. Nyota ni chombo kizuri palipo na miisho michache inayotabirika, kama scald. Kabla ya kuiweka, jiulize ni maneno gani mengine ya Kiingereza yanaanza na herufi hizo.

Kuna mtego mwingine papo hapo. Burns ni jina la ukoo, na Honey pia ni jina la ukoo. Ukiandika maneno hayo bila alama yoyote, PubMed inatafuta hadi kwenye majina ya waandishi, na kila makala ya Bwana au Bibi Burns aliyeandika kuhusu kisukari inakuwa na nafasi ya kuingia. Alama ya tiab inaufunga mlango huo.

Ukichungulia ngazi za MeSH chini ya "Burns" utakuta kuungua kwa kemikali, kwa umeme, kuungua macho na kuungua njia ya hewa. Unaweza kuzuia ngazi za chini zisiingie, lakini kwa kazi yako ziache. Zitakuongezea makala chache tu za kutupa, ambazo utazitambua kwa kichwa tu. Kinachonipa wasiwasi zaidi ni tafiti za "vidonda" kwa ujumla ambamo wagonjwa wa moto ni kundi dogo ndani yake. Ikisiri yake huenda inasema "wounds" tu. Kama una muda, ongeza wound na wounds kwenye mstari wa pili, ukubali kusoma zaidi. Mimi ningeongeza.

Sasa vichujio vya pembeni, vile unavyobofya mara moja: binadamu tu, watoto tu, Kiingereza tu, miaka mitano tu. Hapa ndipo ninapoona hasara kubwa, tena ya kimyakimya. Kichujio cha binadamu na cha umri katika PubMed hutegemea istilahi za MeSH. Rekodi isiyo na MeSH haina alama ya binadamu, kwa hiyo inatolewa nje, hata kama ni jaribio zuri lililochapishwa mwezi uliopita. Kama tafiti za panya zinakusumbua, na kwa asali zitakusumbua kweli, usiombe binadamu. Ondoa wanyama peke yao. Mstari wa nne uwe animals[mh] NOT humans[mh], na wa tano uwe #3 NOT #4. Kwa njia hiyo zinatoka zile tu zilizothibitishwa kuwa za wanyama, na zisizo na alama zinabaki uzisome.

Kichujio cha lugha nacho kiache. Makala isiyo ya Kiingereza huwa na kichwa kilichotafsiriwa ndani ya mabano ya mraba, na mara nyingi ina ikisiri ya Kiingereza, kwa hiyo msako wako utaipata. Ukishaipata ndipo uamue kama kuna wa kukusomea. Kuikataa kabla hujajua kama ipo ni jambo jingine kabisa, na linapaswa kuandikwa wazi kwenye tasnifu yako kama upungufu.

Kuhusu miaka nataka niseme zaidi, kwa sababu kuna mtu alikufa. Mwaka 2001 mjini Baltimore, kwenye Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, binti wa miaka 24 mwenye afya njema alijitolea kushiriki utafiti kuhusu pumu. Alivutishwa dawa iitwayo heksamethoniumu. Mapafu yake yaliharibika, na mwezi Juni akafariki. Mtafiti alikuwa amesaka machapisho kabla ya kuanza, PubMed ikiwemo, lakini wakati ule hifadhidata hiyo ilirudi nyuma hadi mwaka 1966 tu. Makala zilizoonya kwamba dawa hiyo inaweza kudhuru mapafu zilikuwa za miaka ya 1950, zimo kwenye faharasa za karatasi rafuni. Kifo kile kiliibua mjadala mkubwa, na wakutubi wengi wa tiba tunakikumbuka kila mtu anapotuambia "miaka mitano ya karibuni inatosha".

Leo PubMed inarudi nyuma zaidi, hadi miaka ya 1940 na kwa baadhi ya majarida kabla ya hapo. Lakini ujue kwamba ikisiri zilianza kuwekwa kwenye MEDLINE mwaka 1975. Rekodi ya mwaka 1955 ina kichwa na istilahi, basi, kwa hiyo maneno yako ya ikisiri hayana pa kushika. Asali ni dawa ya kale na watu wameiandika muda mrefu. Usiweke kikomo cha mwaka isipokuwa una sababu ya kitabibu, mfano dawa ambayo haikuwepo kabla ya mwaka fulani. "Nilitaka za karibuni" haitoshi kuwa sababu.

Ukishapata mistari yako, ijaribu kabla ya kuiamini. Kusanya makala kama tano hivi ambazo unajua kwa hakika zinahusika. Zichukue kwenye marejeo ya mapitio yaliyokwisha kuchapishwa. Maktaba ya Cochrane, mkusanyiko wa mapitio ya tafiti za tiba, ina mapitio kuhusu asali kama tiba ya kupaka kwenye vidonda, ya mwaka 2015, ambayo yaliona kwamba majeraha ya moto yasiyoingia ndani sana hupona haraka zaidi kwa asali kuliko kwa baadhi ya vifungashio vya kawaida. Orodha yake ya majaribio ni hazina kwako. Kisha angalia kama kila moja ya makala zako tano imo kwenye matokeo ya msako. Ikikosekana hata moja, usipuuze. Fungua rekodi yake, teremka hadi chini kwenye "MeSH terms", usome imebandikwa nini. Pengine utakuta "Wound Infection" na hakuna kuungua popote, au mwandishi ametumia neno ambalo hukuliwaza. Istilahi yenye nyota pembeni ndiyo iliyohesabiwa kuwa mada kuu ya makala. Nusu saa ukizisoma rekodi tano namna hiyo itakufundisha kutafuta kuliko mwongozo wowote niujuao. Wakati uko hapo, bofya na orodha ya makala zinazofanana, ambayo PubMed huikokotoa kwa kulinganisha maneno na istilahi za rekodi.

Hapo ndipo tunafika kwenye zile tatu za msimamizi wako.

Ya kwanza ni PubMed, tumeshaimaliza. Ya pili, kwa muuguzi, ni CINAHL, kwa sababu ina majarida ya uuguzi na fani shirikishi ambayo MEDLINE haiyachukui. Istilahi zake zimejengwa kwa mfano wa MeSH lakini si zilezile, kwa hiyo zitafute upya ndani yake. Maneno ya kawaida unayapeleka yalivyo, ila alama zinabadilika: huko TI na AB hutangulia neno. Ni ya kulipia, na chuo chako huenda kinayo bila wewe kujua. Muulize mkutubi.

Ya tatu ingekuwa Embase, yenye nguvu kwenye dawa, majarida ya Ulaya na ikisiri za mikutano. Istilahi zake huitwa Emtree, na humo kuungua ni "burn" kwa umoja. Embase ni ghali na taasisi nyingi hazina. Usikate tamaa kwa hilo. Nenda CENTRAL, sehemu ya Maktaba ya Cochrane inayokusanya rekodi za majaribio ya kitabibu. Inazichota kutoka PubMed, kutoka Embase yenyewe, na kutoka rejista za majaribio kama ClinicalTrials.gov na ile ya Shirika la Afya Duniani. Kuitafuta ni bure. Kwa kuwa swali lako linalinganisha tiba mbili na majibu yake bora yatatoka kwenye majaribio, CENTRAL inakuzibia sehemu kubwa ya pengo la Embase. Tena inakuonyesha majaribio yaliyosajiliwa ambayo hayajachapishwa, na hayo ni muhimu kwa sababu jaribio ambalo dawa imeshindwa mara nyingi halifiki kwenye jarida.

Mimi ningekuongezea ya nne, Global Index Medicus ya Shirika la Afya Duniani. Inaunganisha faharasa za kanda: Afrika, Amerika ya Kusini na Karibi, Mashariki ya Mediterania, Asia ya Kusini-Mashariki na Pasifiki ya Magharibi. Ni bure. Majaribio mengi ya asali kwenye majeraha ya moto yamefanywa India na Pakistan, na si majarida yote ya huko yanayoingia MEDLINE. Kutafuta swali hili kwenye hifadhidata za Marekani na Ulaya peke yake ni kuwaacha nje watu walioifanya kazi hiyo kwa muda mrefu. Mashine yake ya kutafutia haina ustadi wa PubMed, kwa hiyo ipe maneno machache: honey AND burn, kisha honey AND burns. Soma yote.

Google Scholar usiitupe, ila ipe kazi yake. Haikuonyeshi zaidi ya matokeo 1,000 hata ikidai imepata maelfu, mpangilio wake hauelezwi, na mtu mwingine akirudia msako wako kesho anaweza kupata kitu tofauti. Kwa hiyo haiwezi kuwa nguzo ya mapitio. Inachofanya vizuri ni kufuata nyayo. Chukua jaribio lako muhimu, bofya "Cited by", uone nani alilinukuu baadaye. Wazo hilo ni la Eugene Garfield, aliyetoa faharasa ya manukuu ya sayansi mwaka 1964, na hifadhidata za manukuu, Web of Science na Scopus, hulifanya kwa uangalifu zaidi kama una ruhusa ya kuziingia. Fuata nyayo pande zote mbili, mbele kwa waliolinukuu, nyuma kwa marejeo yake.

Programu za akili mnemba zinazojibu maswali nazo wanafunzi wananiuliza kila siku. Ziombe zikupendekezee visawe vya maneno ukitaka, kisha thibitisha kila kimoja ndani ya MeSH. Usiziombe marejeo. Zinaweza kukutungia makala yenye waandishi, jarida na mwaka, ambayo haikuwahi kuandikwa. Rejeleo lolote usiloliona kwa macho kwenye hifadhidata au kwenye jarida lenyewe lisiingie kwenye kazi yako.

Umeuliza utajuaje kwamba umetafuta vya kutosha. Hakuna idadi ya makala inayojibu hilo. Mimi huangalia dalili tatu zikikutana: zile makala tano ulizojaribia msako zote zimeingia kwenye wavu; ukiongeza kisawe kipya, zinazoongezeka ni za kutupa; na ukisoma marejeo ya makala ulizozichagua hukutani na jina geni linalokuhusu. Ikikosekana moja, endelea. Zikikutana zote, acha uanze kusoma, maana kutafuta nako kuna raha ya kumchelewesha mtu.

Andika kila kitu siku hiyohiyo unapotafuta: jina la hifadhidata, jukwaa ulilopitia, tarehe, mistari yote kama ilivyo, na idadi iliyotoka kwenye kila mstari. MEDLINE kupitia Ovid, jukwaa jingine la kutafutia, na MEDLINE kupitia PubMed hazileti matokeo sawa, kwa hiyo "nilitafuta MEDLINE" haijasema kitu. Nakili mistari, usiitunge upya kwa kumbukumbu. Pakua matokeo yote kwenye programu ya marejeo, Zotero ni ya bure, andika idadi kabla hujaondoa rekodi zinazojirudia, halafu ziondoe. Mchoro wa PRISMA, mwongozo wa kuripoti mapitio, toleo la mwaka 2020, utakudai namba hizo, na nyongeza yake ya mwaka 2021 iitwayo PRISMA-S inaorodhesha kila jambo la msako linalopaswa kuripotiwa. Ichapishe uiweke mezani.

Wakati wa kuchagua, ikisiri itumie kuondoa tu yale yaliyo wazi kabisa. Uamuzi wa kuingiza makala ufanye kwa kuisoma yote, kwa sababu ikisiri huweza kutaja matokeo yaliyopendeza ikanyamazia mengine. Makala ikiwa ya kulipia, angalia kama taasisi yako imo kwenye Hinari, mpango wa Shirika la Afya Duniani ulioanza mwaka 2002 wa kuzipa taasisi za nchi zenye kipato kidogo majarida bure au kwa bei nafuu. Na kabla ya kunukuu, irudie rekodi ya PubMed uone kama kuna tangazo kwamba makala imeondolewa na jarida lake. Tangazo hilo huwekwa juu ya rekodi, ila aliyepakua faili mwaka uliopita halioni.

Kabla ya msako wa mwisho, mpe mkutubi au mwenzako anayejua kutafuta aikague mistari yako. Upo mwongozo wa ukaguzi huo uitwao PRESS, wa mwaka 2015, na mambo unayoyatazama ni ya kawaida tu: je, OR na AND zimekaa mahali pake, kuna tahajia ya Uingereza na ya Marekani, kuna mstari ulioandikwa namba isiyo yake. Kosa la kuandika #2 badala ya #3 linafuta kazi ya mwezi mzima, na aliyeandika ndiye wa mwisho kuliona. Tasnifu ikichukua muda mrefu, rudia msako huohuo karibu na siku ya kuwasilisha. Cochrane huwataka waandishi wake msako usiwe umepita miezi 12 wakati mapitio yanachapishwa, na kwako kurudia ni kazi ya asubuhi moja kama mistari uliitunza.